Lugha ya Onésime na Hulda

Maiti ilikuwa imekaa kwenye kiti, kifua juu ya meza, shavu juu ya mbao. Ukitazama kutoka mlangoni ungesema mtu amesinzia kazini. Inspekta Kahongya hakutazama kutoka mlangoni. Aliingia, akazunguka kiti, akaona kisogo. Mfupa ulikuwa umebonyea na damu imeganda kwenye ukosi wa shati.

Chini ya kiti kulikuwa na kipande cha chuma, kile cha kukingia mlango kwa ndani. Kilikuwa na nywele.

"Ni Onésime," mtu alisema nje. "Onésime ya foni."

Hakukuwa na haja ya kusema. Mtaa mzima wa Mususa, hapa Butembo, ulimjua. Mwaka ule wa 2001 aliyetaka kuongea na ndugu yake wa Beni au Manguredjipa alikuja kwenye kibanda hiki, akaketi kwenye benchi, akasubiri zamu yake. Foni ilikuwa redio ya mawasiliano, sanduku la chuma lenye kipaza sauti na waya mrefu juu ya miti miwili. Ukizungumza, kila mwenye mashine kwenye njia ile alikusikia. Wafanyabiashara walisikia, mapadri walisikia, wanajeshi walisikia.

Kahongya alivaa glavu za plastiki alizopewa hospitalini na kuinua mkono wa marehemu. Ulikuwa umekakamaa, lakini shingo ilianza kulegea. Daktari aliyekuja kwa miguu kutoka hospitali alikubaliana naye.

"Jana," daktari alisema. "Jana mchana, au kabla ya mchana."

Jana ilikuwa Jumapili.

Mjini hapakuwa na maabara ya alama za vidole. Maabara ilikuwa Kinshasa, ng'ambo ya vita. Kahongya alikuwa na macho yake tu, na miaka mingi ya kazi, mingi ya hiyo bila mshahara. Akayatumia macho.

Foni ilikuwa imezimwa. Vichwa vya sauti, vile vya kuvaa masikioni, vilikuwa vimetundikwa kwenye msumari. Kitambaa cheupe kilichodariziwa maua kilikuwa kimefunika mashine mpaka chini, kingo zake zimenyooshwa. Betri ya gari iliyoiendesha ilikuwa pale pale chini ya meza. Lakini waya zake mbili zilikuwa zimetolewa na kulazwa juu ya kibao, mmoja kushoto, mwingine kulia, zisigusane.

Kahongya alichuchumaa hapo muda mrefu.

Mwanamke aliyeikuta maiti aliitwa Mariette, muuza vitenge. Alikuwa ameketi nje juu ya tofali, viatu mkononi.

"Mama Mariette, uligusa nini?"

"Hapana gusa kitu, papa Inspecteur. Nilikuja kuita kaka yangu ya Manguredjipa. Nikapiga hodi, kimya. Nikasukuma mulango."

"Na wengine?"

"Nani ataguza ile masini? Banasema inapigaka mutu umeme. Onésime mwenyewe alikuwaka mukali sana juu yake. Hata bibi yake, Séphora, hakumuruhusu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mariette aliangalia viatu vyake. "Mutu muzuri. Ni ile mudomo tu. Alikuwaka na kigugumizi. Ba-ba-ba, mpaka mate inatoka. Sisi tunalipa dakika, yeye anakwama mu jina ya mutu. Tulikuwa tunamucheka. Mungu atusamehe."

"Mtu mwenye kigugumizi, kazi ya foni?"

"Njo ile ilitushangaza sote. Akiita Beni, kwa dada yake Hulda, hakukwama hata kidogo. Banaongea luga yao. Inatiririka kama maji. Hakuna mutu mwingine anaisikia, hata wazee wa Kinande, hata Waganda."

"Walikuwa wanaongea nini?"

"Njia, papa. Kama barabara ya Beni iko muzuri, kama kuna basoda na bunduki zao. Asubui tunakuja kumuuliza. Akisema endeni, tunaenda. Alikuwa anasema kweli siku zote." Akaviweka viatu chini. "Mpaka ile pikapu ya Maboya."

Kila mtu aliijua habari ya pikapu. Majuma machache nyuma ilitoka Beni imejaa watu na magunia. Karibu na Maboya watu wenye silaha waliisimamisha, wakapakua mizigo, wakapiga risasi, wakaichoma moto. Nani aliyefanya? Mjini watu walijibu swali hilo kwa kuangalia pembeni.

*

Wanajeshi walikuwa wameshamkamata mtu wao. Aliitwa Kakule, mbebaji wa mizigo, mwenye umri wa miaka thelathini hivi. Dereva wa pikapu alikuwa kaka yake. Juma lililopita Kakule alisimama mbele ya kibanda cha foni, akamwambia Onésime mbele ya benchi zima kwamba atakufa.

Walimweka kwenye kasho, mahabusu ya kambi. Nje ya lango mama yake, mama Virginie, alikuwa amesimama na sahani ya ugali iliyofunikwa. Hawakumruhusu kuiingiza.

Kakule alikuwa na jicho moja limevimba.

"Nilimutukana," alisema. "Sikumuua."

"Ulisema atakufa."

"Kila mutu atakufa, chef. Hata weye."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nililala. Nilikuwa nimekunywa."

"Nani alikuona?"

"Unaonaka mutu mwenye kulala? Mama yangu. Na mama yangu njo watasema anadanganya."

Kahongya aliketi kwenye sakafu mbele yake.

"Tuseme umemuua. Umempiga, ameanguka. Ungefanya nini na betri?"

"Batri gani?"

"Ya foni."

"Kwani iko pale? Hawakuiiba?" Kakule alisahau jicho lake. "Batri muzima, chef? Mu hii vita? Mimi ningeibeba hata kama maiti ingenishika muguu. Mujinga gani aliiacha?"

Hapo Kahongya akamwamini. Maskini wa Mususa angebeba betri. Mwenye hasira angevunja mashine. Aliyemuua Onésime aliizima, akazitoa waya, akazitenganisha, akaifunika. Alifunga kazi vizuri, kama mtu anayefunga duka lake.

Mkuu wa kambi, Meja Ézéchias, alikuwa anakula mayai.

"Huyu Kakule anapigwa risasi kesho saa sita," Meja alisema. "Kwenye uwanja wa mpira. Watu waone."

"Si yeye, Meja."

"Unajua?"

"Nakaribia kujua."

Meja alipangusa mdomo. "Onésime alikuwa mutu yetu. Siwezi kupoteza mutu yangu bila mutu kulipa. Kama hutaki hii shingo, niletee shingo ingine. Mpaka kesho saa sita."

"Mtu wenu kwa njia gani?"

"Endesha uchunguzi yako, Inspecteur."

"Alipokufa alikuwa anaongea na nani? Vijana wako wa foni wanaweza kujua."

Meja alimwangalia, kisha akaita. Kijana wa foni wa kambi alikuja, akasema kwamba Jumapili, wakati watu wako kanisani, waliita Mususa. Onésime aliitika. Akasema neno moja, halafu mashine yake ikanyamaza. Waliita tena na tena. Walidhani betri imekufa.

Kwa hiyo muuaji alikuwa ndani ya kibanda wakati foni inaita.

*

Séphora, mjane wa Onésime, alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wa kanisa. Kwenye kona mwanawe mkubwa, Ésaïe, alikuwa ameinamisha kichwa. Mabegani mwake kulikuwa na makovu mapya ya kamba.

"Pole, mama."

"Aksanti, tata."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kanisani mpaka saa saba, kisha mukutano ya bamama. Uliza hawa wote. Onésime alikuwa na kawaida ya kulala kule kulinda masini. Sikuogopa."

"Ésaïe alipata wapi yale makovu?"

Wanawake waliacha kuimba.

"Basoda walimushika njiani," Séphora alisema polepole. "Abebe masanduku yao. Tulidhani amekufa. Halafu wakamurudisha."

"Lini?"

"Kesho yake ya ile gari ya Maboya."

Ésaïe alitoka nje. Kahongya hakumfuata. Alikuwa ameanza kuona umbo la jambo na hakulipenda.

"Nani mwingine anajua kuendesha ile mashine?"

"Dada yake tu. Walifundishwa pamoja kwa misheni ya Mutwanga, wakiwa vijana. Bazungu waliwafundisha kila kitu, hata namna ya kulaza batri."

"Na lugha yao?"

Séphora akatabasamu kidogo. "Nimeishi naye miaka ishirini na kitu, sikuishika. Alijaribu kunifundisha. Nilishika kitu moja tu. *Tolo* ni njia. *Kimi* ni gari. *Pala* ni mutu. Ukitaka kusema kitu iko salama, unaweka kamukia nyuma. Lakini ile kamukia inabadilikaka. Njia salama ni *tolono*. Gari salama ni *kimini*. Mutu salama, *palana*. Mudomo inabakia vile ilikuwa. Nikisema *tolona*, anacheka mpaka anashika tumbo."

"Nani aliitunga?"

"Hulda. Alikuwa yaya yake, dada mukubwa, alimubeba mugongoni. Kwa nini aliitunga hivyo, uliza yeye."

*

Dereva wa pikipiki hakutaka kwenda Beni. Kahongya alimwonyesha bastola, kisha akaona haya, akamwomba vizuri. Wakaenda. Kwenye kila kizuizi askari waliomba sigara. Walipopita Maboya, mabaki ya pikapu yalikuwa bado mtaroni, meusi. Dereva aliongeza mwendo.

Njiani Kahongya alikuwa anayarudia yale maneno matatu. Aliona si mageni sana. Sisi wenyewe tunasema pika, pikia, lakini soma, somea. Hatusemi somia. Hakuna mwalimu aliyetufundisha. Mdomo unajipangia wenyewe. Hulda, mtoto wa Mutwanga, alilisikia jambo hilo akalifanya sheria ya kila neno.

Foni ya Beni ilikuwa nyuma ya kanisa dogo la matofali. Watu walikuwa wamejipanga kwenye benchi, bega kwa bega. Mama Hulda alikuwa ndani, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa anamwitia mzee mmoja mwanawe wa Manguredjipa kwa Kiswahili. Alipomwona Kahongya hakuuliza yeye ni nani.

"Subiri nimalize na huyu baba, tata. Amesubiri tangu asubui."

Kahongya alisubiri. Mzee alisema kwamba mbuzi amezaa, akalia kidogo, akatoka. Hulda aliwaambia wengine waendelee kusubiri benchini. Kisha alizima mashine. Alitundika vichwa vya sauti kwenye msumari. Aliinama, akatoa waya mweusi, akaulaza kushoto, akatoa mwekundu, akaulaza kulia. Akavuta kitambaa juu ya mashine na kunyoosha kingo zake. Alifanya yote hayo huku akimwangalia mgeni usoni. Mikono yake haikuhitaji macho.

Kitambaa kilikuwa na maua yale yale.

"Nimetoka Butembo," Kahongya alisema. "Mdogo wako amekufa."

"Nimesikia. Habari inatembea."

"Hukuja msibani."

"Nani atakaa hapa?"

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Kanisa gani?"

"Hii hapa."

"Nilipoingia nilisalimiana na mlinzi. Amesema jana kwaya iliimba bila wewe. Amesema hajawahi kuona Jumapili ya namna hiyo."

Hulda aliketi. "Nilikuwa mugonjwa."

"Uliugulia wapi?"

Alinyoosha tena kona ya kitambaa.

"Aliyemuua Onésime alitoa waya za betri," Kahongya alisema. "Akazilaza kama ulivyozilaza wewe sasa hivi. Séphora hagusi ile mashine. Watu wa benchi wanaiogopa. Wanajeshi wanatumia jenereta."

Hulda aligeuza kichwa, akaangalia waya zake juu ya kibao. Aliziangalia kama mtu anayeona mikono ya mgeni mwilini mwake.

"Sikukumbuka," alisema kwa sauti ndogo. "Kweli, sikukumbuka kama niliifanya."

Kisha akanyooka tena. "Kuna watu wengi wanajua batri. Enda kutafuta."

Kahongya alikuwa na pingu mfukoni. Hakuzitoa.

"Meja amemkamata kijana anaitwa Kakule. Kaka yake alikuwa dereva wa pikapu. Atapigwa risasi kesho saa sita kwenye uwanja wa mpira."

"Yeye alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Alipiga kelele tu."

"Iko na mama?"

"Anaye. Amesimama langoni na sahani ya ugali. Hawampokei ile sahani. Nilipoondoka alikuwa bado amesimama."

Nje mtu alikohoa kwenye benchi. Hulda alifunga macho.

"Ile mwingine alikuwa mutoto yake pia," alisema. "Ile dereva. Amebakia na huyu moja?"

"Nadhani hivyo."

"Njo basi," Hulda alisema. "Ni mimi. Andika."

*

Alisema bila kulia, mikono juu ya magoti. Kahongya aliandika, halafu akaacha kuandika, akasikiliza tu.

"Onésime alizaliwa mudomo yake imefungwa. Kinande anakwama. Kiswahili anakwama. Batoto ya Mutwanga walikuwa wanamuiga mpaka anajificha mu kahawa. Siku moja nikaona kitu. Akisema neno lenye mudomo moja, *kokoto*, *baraka*, anapita. Mudomo ikibadilika katikati, anaanguka. Nikasema, nitakutengenezea luga yenye haitakuangusha. Kila kamukia itavaa mudomo ya neno lake. Ukianza na *o*, unamaliza na *o*. Ukiingia na *a*, unatoka na *a*. Alijifunza upesi. Siku ya kwanza aliongea mpaka jua likazama. Mama alidhani amechanganyikiwa. Mimi nililia."

"Mliitumia kwenye foni."

"Vita ilipokuja, njo ilipata kazi. Watu wote wanatusikia, hakuna anayeelewa. Ananiambia njia yake, namuambia njia yangu. Hatukuuza, tata. Watu wengi iko wazima juu ya ile luga."

"Mpaka Maboya."

"Ile asubui nilimuita. Nikamuuliza njia. Akasema *tolono*. Nikauliza gari. Akasema *kimini*. Nikauliza watu. Akasema *palana*." Alikunja vidole vitatu, kimoja kimoja. "Kila kamukia mahali pake. Sauti yake ilikuwa muzuri sana. Hakukwama. Nikawaambia watu wapande. Na Bénite akapanda."

"Bénite ni nani?"

"Mutoto yangu ya mwisho. Alikuwa anapeleka kichwa ya cherehani kwa fundi ya Butembo. Miaka kumi na tisa. Nilimuinua mimi mwenyewe juu ya magunia, akae pahali pazuri."

Kahongya aliiweka kalamu chini.

"Walimushika Ésaïe," Hulda aliendelea. "Ile Meja alimuambia Onésime: tunataka ile pikapu, iko na zahabu ya wafanyabiashara. Iite, tunakurudishia mutoto. Akaiita. Hakujua Bénite iko ndani. Nilijua hakujua. Lakini angeniuliza tu. Angeuliza, nani anapanda?"

"Nani alikuambia haya?"

"Yeye mwenyewe. Jumapili. Nilipata lifti ya gari ya makala asubui sana. Nilienda kumuuliza, si kumuua. Nilifunga mulango tuwe sisi wawili, nikaweka ile chuma. Alinieleza yote mu luga yetu, inatiririka, mutoto wake, kamba, Meja. Nikamuambia, hapana. Usiniambie na hiyo. Hiyo niliitengeneza mimi. Niambie na Kiswahili, kama mutu na mutu. Akaanza. Be-be-be. Jina ya mutoto yangu ilikuwa mbele yake, haikutoka. Nikangoja. Mimi nimemungojaka tangu kutoto, najua kungoja. Kama angefika, tata, sijui. Labda tungelia pamoja."

"Hakufika."

"Masini iliita. Basoda. Akanigeuzia mugongo, akavaa vile vitu mu masikio, akawaitikia. Aliniacha katikati ya jina ya Bénite akaitikia wale waliomuua." Alifungua mikono, akaifunga. "Niliinuka nitoe ile chuma ku mulango, nitoke. Nilitaka kutoka. Sasa ilikuwa mu mukono."

Watu kwenye benchi walikuwa wameanza kuulizana. Kahongya alichukua kalamu tena, akatazama karatasi, akairudisha chini.

"Mama, nikiandika hivi, Meja ataichana. Kisha atamuua Kakule, atakuua wewe, na mimi sitafika mbali. Jina lake halikai kwenye karatasi na mtu akabaki hai."

"Najua."

"Anataka shingo nyingine. Lakini sababu isiwe ile inayomgusa yeye."

Hulda alifikiri. Haikuchukua muda.

"Mama yetu aliacha shamba ya kahawa Mutwanga. Ndogo, karibu na mupaka ya parke ya banyama. Andika tuligombania ile shamba. Andika mimi ni mutu ya roho mubaya, nilitaka yote."

"Watu wataamini?"

"Juu ya shamba? Wataamini mara moja."

*

Asubuhi walirudi Butembo kwenye gari la kuni. Hulda alikaa mbele, kati ya dereva na Kahongya. Walipopita Maboya aliangalia mtaro mpaka shingo ikafika mwisho, kisha akatazama mbele.

Kwenye ofisi ya kambi Meja Ézéchias alisoma maelezo yote ya mshitakiwa, kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho alianza tena.

"Shamba," alisema.

"Shamba, Meja."

"Hakusema kitu ingine?"

"Ameweka sahihi yake pale chini."

Meja alimgeukia Hulda. Sauti yake ilikuwa laini. "Mama, weye na ndugu yako mulikuwa na luga fulani ya foni. Mimi iko na kazi kwa mutu mwenye kuijua. Kazi muzuri. Mutu kama huyo siwezi kumuweka mu kasho."

Kahongya aliangalia sakafu. Mlango ulikuwa wazi mbele ya yule mama. Angeweza kuupita na kuishi.

"Luga gani, afande?" Hulda alisema. "Ile ilikuwa muchezo ya batoto. Nimeisahau."

"Juzijuzi uliongea."

"Nilikuwa nasema yote mbovu. Yeye njo aliyeijua."

Meja alifungua droo. Kisha aligonga karatasi muhuri. Gereza la mjini, mpaka mahakama itakapofunguliwa tena. Hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Askari walimchukua. Mlangoni alisimama, akamuuliza Kahongya kama yule mama wa sahani amepata mtoto wake. Kahongya alimwambia anakwenda kumtoa sasa hivi.

"Wasingya," alisema Hulda, akimshukuru kwa Kinande. Wakampeleka.

Kakule alitoka kwenye mwanga akikunja uso. Mama Virginie aliangusha sahani akamshika kwa mikono miwili, akampapasa kichwa, mabega, mbavu, kama anayehesabu kama vyote vipo. Kahongya alitaka kupita, lakini kijana alimwita.

"Chef. Mulimupata?"

"Tumempata."

"Nani?"

"Dada yake. Hulda wa Beni."

Kakule alishangaa. "Dada yake ya tumbo moja? Juu ya nini?"

Nyuma yao, kwenye dirisha la ofisi, Meja alikuwa amesimama na kikombe chake.

"Shamba," Kahongya alisema. "Shamba ya kahawa."

Kakule alitema mate ya damu kwenye vumbi.

"Mwanamuke ya namna hiyo," alisema, "mungemupiga risasi yeye."

Mama yake alimvuta mkono, wakateremka kwenda nyumbani. Kahongya alibaki amesimama langoni, karatasi mkononi, mpaka askari akamwambia aondoke njiani.